Ulinganisho: Kupima shida ya kutembea kwa mgonjwa wa MS – futi 25, dakika 2, dakika 6, EDSS au dodoso?

FizioIlala

Wakuu, habari za kazi. Naomba tulinganishe vipimo vya kutembea kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi (MS), ugonjwa unaoharibu ala za neva za ubongo na uti wa mgongo. Kliniki yetu iko Ilala, chini kabisa, hakuna ngazi. Korido ina mita 17 za wazi, sakafu ya marumaru, feni za dari tu. Wagonjwa wa MS si wengi, ila kila anayekuja amepimwa kivyake. Mmoja ana namba ya EDSS (kipimo cha daktari cha kiwango cha ulemavu wa MS, 0 hadi 10), mwingine alitembezwa dakika 6 kwingine, wa tatu faili lake linasema "anatembea kwa shida" basi. Ukitaka kujua kama amepata nafuu au amerudi nyuma tangu mwaka jana, huna pa kushika.

Ninao muda wa dakika 30 kwa mgonjwa, stopuwochi, futi ya kamba, tepu ya gundi na koni mbili. Mngechagua nini, na kwa nini?

BintiUpanga

Kaka, kwa hali hiyo mimi ningeweka T25FW (kutembea futi 25 haraka kwa stopuwochi) na dakika 2 (umbali anaoutembea kwa dakika 2), halafu dodoso la MSWS-12, ambalo mgonjwa anaulizwa mwenyewe kuhusu kutembea kwake. Nianze na T25FW kwa sababu ndicho kipimo kinachoonekana rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachoharibiwa zaidi.

Futi 25 ni mita 7.62, si 7.5 wala 8. Pima kwa futi ya kamba iliyonyooshwa chini, bandika tepu ya rangi mstari wa mwanzo na wa mwisho, kisha uache angalau mita 2 za wazi baada ya mstari wa mwisho. Ukuta ukiwa karibu mgonjwa anaanza kufunga breki kabla hajamaliza, na sekunde moja nzima inapotea hapo. Korido yako inatosha.

Anasimama ncha za viatu zikigusa mstari. Maelezo yawe yale yale kila siku, yasomwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: "Tembea haraka kadiri uwezavyo bila kujihatarisha. Usikimbie. Usipunguze mwendo mpaka uvuke mstari wa pili." Akitumia fimbo, magongo au woka, atumie, na uandike. Stopuwochi inaanza pale mguu wa kwanza unaponyanyuka na kuvuka mstari, sio unaposema "haya". Mgonjwa ambaye mguu wake unachelewa kuitika anaweza kukaa sekunde nzima baada ya amri kabla hajaanza. Ukihesabu na hiyo, umepima kuanza badala ya kutembea. Unasimamisha mguu wa kwanza ukivuka mstari wa mwisho. Anageuka, anarudi vilevile, unachukua wastani wa safari mbili. Kikomo ni dakika 3 kwa kila safari.

Wewe tembea pembeni kidogo nyuma yake, upande ulio dhaifu. Ukimtangulia anafuata mwendo wako. Na usimsemeshe: wagonjwa wengi wa MS wakiongea huku wanatembea mwendo unashuka, hasa wakiwa na shida ya umakini.

Mbezi_Takwimu

Naunga mkono, niongeze upande wa kusoma matokeo. Kanuni inayotumika ni mabadiliko ya 20%. Mfano: mara ya kwanza safari mbili ni 9.2 na 9.6, wastani 9.4. Baada ya miezi 6 wastani ni 11.5. Tofauti ni 2.1, gawanya kwa 9.4, unapata 22%. Hapo kuna jambo. Mwingine katoka 5.1 hadi 5.6: ni kama 10%, usimtangazie kwamba amezorota. Inaweza kuwa viatu, usingizi, au wewe mwenyewe na kidole chako kwenye stopuwochi.

Mipaka ya sekunde inayotajwa mara nyingi ni ya Goldman na wenzake, 2013: kuanzia sekunde 6 watu wengi walikuwa wamelazimika kubadili au kuacha kazi kwa sababu ya ugonjwa, na kuhitaji msaada kiasi kwenye shughuli za kila siku, na kuanzia sekunde 8 wengi walikuwa hawaziwezi tena shughuli hizo. Wagonjwa wale ni wa Marekani. Tumia kama taa ya njano, usiandike kwenye cheti.

Udhaifu wake mkubwa: kwa mgonjwa ambaye bado anatembea vizuri, futi 25 haioni kitu. Anamaliza sekunde 4 leo na sekunde 4 mwakani, huku anakuambia akitoka kituo cha mwendokasi Gerezani kuelekea ndani Kariakoo mguu unaanza kuburuza njiani. Mita 7.62 hazifiki huko.

DktNeva

Ndiyo maana mimi natofautiana na dada BintiUpanga. Dakika 2 zimependwa kwa sababu ya urahisi. Matokeo yake yanakwenda sambamba sana na ya dakika 6, sikatai, na kwa swali la "anatembea umbali gani" dakika 2 zinatosha. Swali la mgonjwa wa MS lakini mara nyingi ni jingine: anachoka vipi akiendelea kutembea? Hilo dakika 2 hazijibu.

Pima dakika 6 ukiandika umbali wa kila dakika peke yake. Chukua umbali wa dakika ya 6, toa wa dakika ya 1, gawanya kwa wa dakika ya 1, zidisha kwa 100. Tuseme zilikuwa mita 62, 60, 57, 54, 52, 50. Jumla ni 335. Lakini kasoro iko kwenye 50 toa 62, gawanya kwa 62: imepungua kwa 19%. Kupungua kwa 15% au zaidi kunahesabiwa kuwa mwendo unaochoka. Mgonjwa mwingine anaweza kufikisha mita 335 zile zile kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hao wawili hawahitaji tiba moja: wa kwanza uangalie misuli inayonyanyua vidole, splinti ya kifundo, na kumpangia vituo vya kupumzika, wa pili mfanyishe mazoezi ya kasi na nguvu.

Kwa MS maelezo ni "haraka kadiri uwezavyo", tofauti na dakika 6 za wagonjwa wa mapafu ambako mtu anapumzika na kupunguza mwendo apendavyo. Ukichanganya maelezo hayo mawili, linganisho limekufa.

Kuhusu EDSS, isiondolewe, maana ndiyo lugha ya madaktari na ya maamuzi ya dawa. Ila ijulikane inapima nini. Kuanzia 4.0 kwenda juu karibu yote ni umbali: 4.0 anafika mita 500 bila msaada wala kupumzika, 4.5 ni mita 300, 5.0 ni 200, 5.5 ni 100. Kwa 6.0 anahitaji fimbo au gongo upande mmoja kufika kama mita 100. Kwa 6.5 anahitaji msaada pande zote mbili kwenda mita 20 bila kupumzika. Kwa 7.0 hata kwa msaada hapiti mita 5. Tatizo ni kwamba umbali huo huulizwa badala ya kupimwa, na watu hukisia vibaya, kwa kuzidisha na kwa kupunguza. Kati ya 6.0 na 6.5 mtu anaweza kukaa miaka huku mikono, kibofu na nguvu vikibadilika, na namba isisogee.

FizioIlala

Daktari, nimekuelewa. Lakini dakika 6 zinataka korido ya mita 30, mimi ninayo 17.

BintiUpanga

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, daktari. Kwenye mita 17 utaweka njia ya mita 15 na nafasi ya mita 1 kila upande wa kugeukia. Mtu wa mita 335 atageuka mara 22 badala ya 11. Mwenye ataksia (mwili kukosa uratibu na usawa) anapoteza muda kwenye kila kona, anatanua miguu, anashika ukuta. Umbali unashuka na wewe unadhani ni uchovu. Kwa hiyo mita za korido fupi usizilinganishe kamwe na mita za hospitali nyingine. Mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe, korido ileile.

Lile hesabu la dakika ya 6 na ya 1 linaweza kufanyika hata kwenye mita 15, kwa sababu kona ni zilezile mwanzo na mwisho. Ushauri wangu: dakika 2 kila anapokuja, dakika 6 mara moja kwa mwaka au anapolalamika mwenyewe kwamba njia inamshinda. Mwenye EDSS 6.5 usimlazimishe dakika 6 hata kidogo.

Jinsi ya kupata umbali kamili: bandika vipande vidogo vya tepu kila mita 1 kwenye ukingo wa ukuta. Msaidizi anahesabu mizunguko kwa kuweka alama kwenye karatasi, wewe unatazama miguu na saa. Muda ukiisha sema "simama hapo hapo", usogeze kiti kwake. Usimrudishe kwenye kiti.

NesiTemeke

Jamani, mnaongea korido na stopuwochi, hamjagusa joto. Kwa Dar es Salaam hili linaweza kuharibu kila namba mliyoiandika hapo juu.

Neva iliyopoteza ala yake ya mayelini inapitisha ujumbe kwa shida. Joto la mwili likipanda hata kidogo, ujumbe unakwama. Daktari wa macho wa Ujerumani, Uhthoff, alilieleza mwaka 1890, na ni la muda: mwili ukipoa, hali inarudi. Sasa mpime mgonjwa Julai saa 2 asubuhi, umrudishe Februari saa 8 mchana akiwa ametoka kusimama kwenye daladala lililoshonana. Sekunde za futi 25 zinaweza kupanda hata kufika 20% bila ugonjwa kusogea. Mtamwandikia kuzorota, na pengine atabadilishiwa dawa kwa sababu ya hali ya hewa.

Fanyeni hivi. Miadi ya MS yote iwe asubuhi, saa 2 hadi saa 4. Akifika akae chini ya feni dakika 15 anywe maji. Pima joto la mwili kwanza. Akiwa na homa, au mkojo unamchoma, usipime mwendo siku hiyo: mpeleke apimwe malaria na mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo ni ya kawaida kwa wenye shida ya kibofu, na yanaweza kumlegeza miguu hadi ukadhani ugonjwa umelipuka upya. Andika joto la chumba. Kipimajoto cha ukutani kinatosha. Umeme ukikatika katikati ya dakika 6, andika hilo pia.

La pili, viatu. Kandambili ni adui wa kipimo hiki. Mgonjwa ambaye vidole havinyanyuki anabana kandambili kwa vidole ili isimtoke, anaburuza, na mwendo unakuwa wa kandambili. Aje na viatu vyenye mkanda nyuma au raba, vilevile kila mara, na viandikwe kwenye faili. Mama aliyevaa dera refu au khanga, muombe kwa heshima apandishe juu ya kifundo na kufunga vizuri: kwanza asijikwae, pili wewe uone mguu unapovuka mstari.

La tatu, dawa. Kama anatumia baklofeni, andika kipimo na saa aliyomeza. Inalegeza mkakamao, lakini wapo ambao mkakamao huohuo ndio unaowasimamisha. Ikizidi magoti yanakunja. Saa 1 baada ya kumeza na saa 6 baada ya kumeza ni kama watu wawili.

Mbezi_Takwimu

Dada NesiTemeke, hili la joto lilipaswa kuwa la kwanza kwenye uzi huu.

Nirudi kwenye dodoso. MSWS-12 ilichapishwa 2003, ina maswali 12 kuhusu wiki 2 zilizopita: kutembea, kukimbia, ngazi, kusimama, usawa, umbali, juhudi, kuhitaji kushika kitu ndani au nje, mwendo kupungua, ulaini wa mwendo, na kulazimika kuwaza hatua. Kila jibu 1 hadi 5. Jumlisha, toa 12, gawanya kwa 48, zidisha kwa 100. Jumla ya 39 inakuwa 27 gawanya kwa 48, yaani 56. Namba kubwa ndiyo mbaya. Mabadiliko ya pointi 8 hadi 10 hivi ndiyo ya kuangalia.

Angalizo: lipo toleo la pili ambalo baadhi ya maswali yana majibu matatu tu, na jumla yake ya juu ni 54. Ukitumia kanuni ya 48 kwenye toleo hilo unapata takataka. Kagua karatasi yako kabla ya kupiga hesabu.

Na kosa la hapa kwetu: nesi mmoja anatafsiri papo hapo "umepata shida kiasi gani", mwingine anauliza "unaweza?" Mgonjwa yuleyule anatoa majibu mawili. Pateni Kiswahili kimoja kilichoandikwa, kirudishwe Kiingereza na mtu ambaye hakuona asili, mpatane, kisha kisomwe hivyo hivyo kwa asiyesoma. Na aulizwe mgonjwa, si ndugu aliyemleta. Ndugu hujibu kwa huruma.

Dodoso ndilo linaloshika kile kilichopita kwenye futi 25: yule wa sekunde 4 anaweza kuwa na 40 kwenye MSWS-12. Usipuuze dodoso kwa sababu stopuwochi haikubaliani nalo. Tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha dakika 6 zinahitajika kwa nani.

KigamboniMlezi

Samahanini wataalamu, naomba kuuliza. Simu inayohesabu hatua inafaa? Mgonjwa wetu anavuka pantoni kwenda mjini mara kwa mara, na miadi ni mara mbili kwa mwaka. Tungependa kitu cha nyumbani.

BintiUpanga

Inafaa kwa kuona mwelekeo, haifai kwa kupima umbali. Mambo ya kuzingatia, ndugu yangu: simu ikiwa kwenye mkoba haihesabu sawasawa, iwe mfukoni au kwenye mkanda wa kiuno, upande uleule kila siku. Mtu anayetembea polepole sana au anayeburuza mguu, mtikisiko wake ni mdogo na hatua nyingi zinapotea. Mwenye woka ndiyo kabisa. Na kwenye daladala au pantoni mtikisiko unaweza kuongeza hatua ambazo hazikupigwa. Chukueni siku 7 mfululizo, mtoe wastani, mrudie baada ya miezi 3. Ramani ya simu msiitumie kupima mita 100, inakosea sana kwenye umbali mfupi na kati ya majengo.

Nyumbani kuna kitu bora zaidi: pimeni kwa futi ya kamba njia moja tambarare, tuseme kutoka mlangoni hadi getini, mwandike kila wiki asubuhi anaimaliza kwa sekunde ngapi. Mtu awe naye.

DktNeva

Niongeze vipimo viwili ambavyo havijatajwa.

TUG: ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Kiti kiwe na mikono na kimo cha sentimita 46 hivi. Viti vya plastiki tulivyonavyo kila mahali havifai kwenye marumaru: mgonjwa akiegemea mikono kujiinua, miguu ya kiti inatanuka au kiti kinateleza nyuma. Tumia cha mbao, mgongo ukiwa ukutani. TUG inakupa kuinuka na kugeuka, ambako ndiko watu wengi huangukia, lakini ukitaka kufuatilia mwendo wenyewe inachanganya mambo mengi kwenye namba moja.

Kipimo cha duara 6, cha Nieuwenhuis na wenzake, 2006, ndicho ningemshauri FizioIlala akijaribu kwa wagonjwa wenye usawa mbovu. Uwanja ni mita 5 kwa 1. Duara la kuanzia liko katikati ya upana mmoja, la mwisho katikati ya upana wa pili, na manne pembeni: upande mmoja kwenye mita 1 na 3, upande wa pili kwenye mita 2 na 4. Kila duara lina kipenyo cha sentimita 20. Matano, ukiacha la kuanzia, yana kipande cha mbao cha mviringo katikati, kipenyo sentimita 8, kimo sentimita 4, uzito gramu 134. Mgonjwa anatembea haraka akikisukuma kila kipande nje ya duara kwa mguu, akibadilisha ubavu wa ndani na wa nje wa mguu uleule. Safari 2 kwa kila mguu, wastani wa zote 4.

FizioIlala

Hivyo vipande nitavipata wapi, daktari?

Mbezi_Takwimu

Seremala yeyote wa Keko mwenye mashine ya kukereza anakutolea. Muhimu ni uzito. Kipande cha vipimo hivyo kina ujazo wa kama sentimita za ujazo 201, kwa hiyo mbao inatakiwa iwe na gramu 0.67 kwa kila sentimita ya ujazo. Mninga mkavu unakaribia. Paini itakupa pungufu, karibu gramu 100, na kipande chepesi kinaruka hata mguu dhaifu ukikigusa tu. Pima kwenye mizani ya jikoni ya dijitali, na ukikuta kizito mno mwambie atoboe kidogo chini. Usipake vanishi upande wa chini, kitateleza kwenye marumaru.

FizioIlala

Nashukuru sana wote. Moja la mwisho: mgonjwa akishindwa kumaliza futi 25, au mwaka huu amekuja na gongo na mwaka jana hakuwa nalo, naandika nini?

NesiTemeke

Usiache kisanduku wazi. Kisanduku wazi mwakani kitasomwa kama "hakupimwa". Andika "hakuweza kwa sababu ya MS" kama ni miguu, au "hakupimwa" na sababu yake kama ni kidonda, homa, ujauzito wenye tahadhari, au amekataa.

BintiUpanga

Kuhusu gongo: mpime na gongo, kwa kuwa ndivyo anavyotembea sasa, na uandike wazi "gongo 1, mkono wa kulia". Kama ni salama mpime pia bila gongo, safari mbili, kwenye mstari wake tofauti. Mara nyingine sekunde zinapungua kwa sababu gongo limempa ujasiri, na asiyejua akisoma faili atadhani mgonjwa amepona nusu. Woka yenye magurudumu na woka ya kunyanyua usiziite jina moja, mwendo wake ni tofauti kabisa. Na splinti ya kifundo: iandikwe ipo au haipo, mguu upi.

DktNeva

Na kuvuka kutoka kutembea bila kitu hadi kuhitaji gongo ili afike mita 100 ni EDSS 6.0. Hata sekunde zikiwa zilezile, nipigie simu siku hiyohiyo kabla mgonjwa hajaondoka.